Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Kama umewahi kupeleka mahindi au muhogo mashineni, pale Kamachumu, Ndolage, Rutabo au popote kwenye barabara ile inayopanda kutoka Muhutwe kwenda Muleba, unaujua mlio wa mashine ya kusaga ikiwa imekolea kazi. Unaujua pia ukimya wake inapokaba ghafla. Mkanda unalia mara moja, harufu ya raba iliyoungua inajaa kibandani, vumbi la unga linatua taratibu kwenye nywele za watu, na foleni nzima inaguna. Halafu kijana wa mashine anasema, "Ni kitu kidogo tu hiki," anakunja mkono wa shati, na mkono wenyewe unazama kwenye koo la mashine.

Nimesimama kwenye foleni hizo tangu nikiwa mtoto wa kutumwa na debe kichwani. Maneno yanayosemwa wakati ule mkono unaingia nayajua, na wewe bila shaka umeshayasikia. Baadhi ni hekima tuliyoachiwa na wazee wa injini za dizeli, na naiheshimu. Mengine yamewagharimu watu vidole, na wengine uhai. Nimeyachukua yale yanayorudiwa zaidi nikayapima. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata.

"Nimeshazima, kwa hiyo ni salama"

UONGO. Kile kitufe chekundu hakikati umeme unaoingia kwenye stata, lile boksi la kuwashia mota. Kinaiambia tu kontakta, ile swichi ya sumaku iliyomo ndani, iachie. Kontakta ikichakaa, sahani zake zinaweza kushikana kwa joto zisiachie kabisa. Na hata ikiachia vizuri, kitufe cha kijani kiko palepale, kinamngoja yeyote: mtoto anayecheza, mteja mwenye haraka, au mwenzako anayerudi kutoka kunywa chai bila kujua kwamba umeinama nyuma ya mashine, mkono umo ndani hadi kwenye kiwiko.

Kwa jambo hili kuna ushahidi usiobishika. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilichunguza ajali 1,281 zilizoua watu kazini kati ya 1982 na 1997. Katika hizo, 152 ziliwakuta watu waliokuwa wakisimika mitambo, wakiitunza au wakiitengeneza. Katika 124 kati ya 152, nguvu ya mashine haikuwa imekatwa yote au kuzuiwa. Katika 17, ilikatwa lakini hakuna aliyeweka kufuli wala kibao. Katika 11 zilizobaki, hakuna aliyehakikisha kama kweli imekatika kabla ya kuanza kazi. Mota inazunguka vilevile iwe Chicago au Muleba.

Ninaposema kufunga mashine, basi, namaanisha hivi. Waliopo wanaambiwa. Mashine inazimwa, meni swichi inashushwa, kufuli linapita kwenye tundu la mkono wa swichi, na ufunguo unaingia mfukoni mwa yule atakayetia mkono mashineni. Halafu huyohuyo anabonyeza kitufe cha kijani kwa makusudi, watu wakiwa wamekaa mbali. Mashine ikikaa kimya na kila kinachozunguka kikiwa kimetulia, ndipo nati ya kwanza ifunguliwe.

"Umeme umekatika, huu ndio wakati mzuri wa kusafisha"

UONGO, na katika yote ninayoyasikia, huu ndio unaonitisha zaidi. Sisi wa Kagera tunajua kukatikiwa. Kwa miaka mingi umeme wetu umekuwa ukivuka mpaka kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi kituo cha Kyaka, na unapokatika hakuna anayejua utarudi baada ya saa tatu au baada ya dakika tatu. Kijana wa mashine anaona muda umepatikana bure, anafungua chekeche, anaanza kukwangua unga uliogandamana kwenye nyundo. Swichi iko juu. Hakuna aliyeigusa kwa sababu mashine ilisimama yenyewe.

Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote. Mashine yenye stata nzuri ya kontakta kwa kawaida haijiwashi umeme ukirudi. Kontakta huachia umeme ukikatika, na inangoja mtu abonyeze tena. Ndiyo maana wapo mafundi wanaokuapia kwamba hawajawahi kuona mashine ikijiwasha. Wanasema kweli kuhusu mashine zao. Lakini mashine iliyounganishwa kwenye swichi ya mkono tu, ile ya kupandisha na kushusha, inaanza kuzunguka sekunde ileile umeme unaporudi. Na wewe unayetumwa kusaidia kwenye kibanda cha jirani hujui ya kwake ni ipi.

Piga hesabu kidogo. Mota ya kawaida ya mashine ya kusaga inazunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, sawa na mara 24 kwa sekunde. Kabla hujamaliza robo ya sekunde, ikiwa imekolea, puli imeshazunguka mara sita. Hakuna mwanadamu mwenye mkono wa kasi hiyo, hata awe kijana wa kudaka kuku.

Kwa hiyo umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kushusha swichi na kuifunga. Usafi ufanyike baada ya hapo, na giza lisikuharakishe.

"Mashine iliyokaba imesimama, na iliyosimama haina nguvu"

UONGO. Fikiria ng'ombe aliyefungwa kamba kwenye mgomba, anavuta kwa nguvu zake zote. Kamba imekaza, ng'ombe hasogei, na wewe mtu wa mbali unaona ametulia. Ikate kamba uone. Mota ambayo bado ina umeme lakini imezuiwa na muhogo mbichi au kipande cha chuma iko katika hali hiyohiyo: inasukuma, inapata moto, inanguruma kwa sauti ya chini. Ukikitoa kile kilichokaba, wewe ndiye uliyekata kamba.

Hata umeme ukiwa umeshakatwa, mkanda uliovutwa upande mmoja unaweza kuuzungusha mhimili sehemu ya mzunguko unapoachiwa, na sehemu ndogo ya mzunguko inatosha kubana kidole kati ya nyundo na bodi. Mashine iliyokaba ichokonolewe kwa kijiti au ndoano baada ya kufungwa, na puli irudishwe nyuma polepole kwanza mpaka mkanda ulegee.

"Kabla ya kugusa mashine, vua mkanda"

KWELI. Hili ni neno la wazee, na nalivulia kofia.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya dizeli, injini ya silinda moja yenye gurudumu zito ubavuni, iliyokuwa ikisikika kutoka bonde hadi bonde. Kila alipotaka kufungua mashine, alikuwa na utaratibu wake ambao sisi watoto tuliuona kama ibada. Alizima injini. Alisubiri gurudumu lisimame kabisa, akilitazama, hata kama lilichukua muda. Alivua mkanda mrefu kutoka kwenye puli, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya kigoda, akaukalia. Kazi ya kufungua aliifanya mwanawe. Kazi ikiisha, kijana alisema, "Tata, leta mkanda tuwashe." Mzee akajibu, "Ngoja niwahesabu." Akatuhesabu wote kwa kidole, watoto, akina mama, mwanawe, mmoja mmoja. Tukitimia, ndipo akainuka.

Hakuwa amesoma kanuni yoyote ya usalama. Lakini mengi ambayo wataalamu wanayadai leo yalikuwa pale: nguvu imetenganishwa na mashine, kinachoirudisha kiko chini ya mtu mmoja anayejua nani yumo ndani, na hakuna kuwasha kabla ya kuhakikisha watu wote wako nje.

Wapo wanaosema dizeli haihitaji tahadhari hii kwa kuwa haina umeme wa kujiwasha. Ni kinyume. Injini ya petroli inangoja cheche. Dizeli haingoji cheche yoyote. Hewa ikibanwa ndani ya silinda inapata moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Ukiizungusha mashine kwa mkono huku mkanda uko mahali pake na mafuta hayajafungwa, unaizungusha na injini pia, na injini iliyo bado na moto inaweza kupiga. Kwa hiyo funga mafuta, vua mkanda, na ile hendeli ya kuwashia iweke ndani ya sanduku lenye kufuli. Ufunguo, mfukoni.

Onyo moja tu kwa wanaoiga wazee nusu nusu. Mkanda unavuliwa mashine ikiwa imesimama. Wale vijana wanaoutoa kwa kuupiga teke ungali ukizunguka, ili watu waone, wanachezea mahali panapokamata watu kuliko pote, pale mkanda unapoingia kwenye puli. Na kwa kuwa tumefika hapo: kauli ya akina mama kwamba kanga na shuka zikae mbali na mkanda nayo ni KWELI tupu. Ncha ya kanga ikishaingia kwenye puli, inakuvuta wewe kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele.

"Chomoa fyuzi moja, inatosha"

UONGO. Mashine nyingi za kusaga na za kukoboa kahawa zinatumia umeme wa fezi tatu. Ukichomoa fyuzi moja mota itashindwa kuanza, itanguruma tu, na hapo ndipo udanganyifu unapokaa: imeshindwa kuzunguka lakini waya mbili bado zina umeme, volti 400 kati yake na karibu 230 kati ya kila moja na ardhi. Fundi anayefungua kifuniko cha mota akiamini "nimechomoa fyuzi" anaweka vidole kwenye moto usioonekana.

Na fyuzi zenyewe zinarudishwa kirahisi mno. Mtu anaikuta imelala juu ya boksi, anadhani imedondoka, anaipachika. Zaidi ya hayo, nimeona vibanda ambako mahali pa fyuzi pameshafungwa waya. Hapo hakuna cha kuchomoa, na hakuna cha kulinda. Kata njia zote tatu kwa meni swichi, kisha ifunge.

"Testa haikuwaka, hakuna umeme"

UONGO. Ile bisibisi yenye kitaa kidogo inategemea mkondo mdogo unaopita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukisimama juu ya ubao mkavu au viatu vinene, kitaa kinaweza kuwaka kwa unyonge usikione, hasa jua la saa saba likiwa limejaa mlangoni. Kitaa chenyewe kikiungua, testa itakujibu "hakuna" kwenye kila waya duniani.

Mafundi wazuri hupima mara tatu. Kwanza kwenye mahali wanapojua pana umeme, waone kipimo kinafanya kazi. Pili kwenye waya wanaotaka kuushika, kila waya na mwenzake na kila waya na ardhi. Tatu wanarudi kwenye ule wenye umeme, wahakikishe kipimo hakikufa katikati. Mita ya kupimia volti ni bora kuliko bisibisi, lakini hata mita inapimwa hivyohivyo.

Na ndala za raba, kwa wanaoziamini? UONGO vilevile. Ndala zilizolika, zikiwa na maji au jasho, si kinga ya kutegemea, na umeme ukiingia mkono huu ukatokea mkono ule ulioshika bodi ya chuma, hauna habari na miguu yako.

"Nimeandika USIWASHE, inatosha"

UONGO, ingawa nia ni njema. Kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa ni maneno, na maneno yanahitaji mtu wa kuyasoma, mwanga wa kuyasomea, na upepo usioyapeperusha. Kibao kinaonya, kufuli linazuia. Viende pamoja: kufuli la kuzuia, na kibao cha kusema ni nani amefunga, kwa sababu gani na tangu lini. Jina la mtu lina nguvu kuliko amri. Kibao kinachosema kwamba fulani yumo ndani ya mashine kinamfanya hata mwenye haraka asite.

"Kufuli la mwenye mashine linatosha kwa wote"

UONGO. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo niruhusu nikawie.

Chukua kibanda chenye watu wawili kazini. Mmoja anabadilisha chekeche upande wa mbele, mwingine yuko nyuma anakaza boliti za mota. Mwenye mashine amefunga swichi kwa kufuli lake na amekaa nje na ufunguo. Wa mbele anamaliza, anapaza sauti, "Tayari!" Mwenye mashine anasikia tayari, anafungua, anawasha. Yule wa nyuma hakusema tayari. Hakusikia hata kwamba ameulizwa.

Hakuna mbaya katika kisa hicho. Kila mmoja alifanya alichoamini ni sahihi, na hata kufuli lilikuwepo. Kosa ni kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu ambaye mkono wake haukuwa hatarini. Watu wawili wakiingia kazini, makufuli yawe mawili; wakiwa watano, matano. Vipo vishikio vya chuma vyenye matundu sita vinavyopachikwa kwenye swichi ili kila mtu aning'inize lake, na fundi wa kuchomelea yeyote wa Kamachumu anaweza kukitengeneza kwa bati nene akiona mfano. Swichi haipandi mpaka kufuli la mwisho litoke, na kila kufuli linatolewa na aliyeliweka.

Ndiyo maana pia ufunguo wa akiba haufai kukaa kwenye msumari ukutani. Na je, aliyefunga akisahau, akaenda zake Nshamba na ufunguo mfukoni? Swali hilo naulizwa sana, na ni la haki. Kanuni ya Marekani ya kufunga mitambo inaruhusu mwajiri kulitoa kufuli la mtu asiyekuwepo kwa utaratibu maalumu: ahakikishe kweli mtu huyo hayupo mahali pa kazi, afanye kila awezalo kumpata, na amjulishe kwamba kufuli lake limetolewa kabla hajarudi kazini. Kwetu hapa tuna simu. Apigiwe asikike kwa sauti yake, mashine ikaguliwe mbele na nyuma, ndipo msumeno wa chuma uguse kufuli.

"Ikichomolewa plagi, hakuna haja ya kufuli"

KWELI, kwa sharti moja. Grainda ya fundi, mashine ya saluni, blenda ya juisi ya nanasi: kama chombo kina plagi moja tu na plagi hiyo umeichomoa na iko chini ya mkono wako muda wote, umeshika ufunguo. Ikiwa soketi iko chumba kingine, sharti limevunjika. Na fundi anayebadilisha diski ya grainda huku plagi iko ukutani, akitegemea kidole chake tu kisiguse swichi, aache leo.

"Haidroli inashikilia, ingia tu chini"

UONGO. Hili ni la madereva na utingo wa matipa yanayobeba moramu kwenye vilima vyetu. Bodi imeinuliwa, kuna kitu cha kukaza chini yake, injini imezimwa, na mtu anaingia kati ya bodi na chesisi. Injini kuzimwa hakujaondoa uzito. Bodi hiyo inashikiliwa na mafuta yaliyomo ndani ya mipira na bomba; mpira ukipasuka, au mtu akigusa kikono ndani ya kebini, inashuka. Uzito ni nguvu isiyo na swichi. Unazuiwa kwa mhimili wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na ufunguo wa gari unakuwa mfukoni mwa aliye chini. Jeki ya gari dogo nayo ni ya kuinulia. Ya kulalia chini ni stendi.

"Mambo ya makufuli ni ya viwanda vikubwa vya Wazungu"

UONGO. Chuma si kigeni kwetu. Katuruka, upande wa Maruku, mtafiti wa mambo ya kale Peter Schmidt alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa karibu miaka 2,000 iliyopita. Wayeyushaji wa Kihaya hawakuikaribia tanuru kiholela. Kazi ilikuwa na miiko yake. Kufunga mashine ni mwiko wa namna hiyo, na tofauti yake ni kwamba sababu yake unaweza kuishika mkononi.

Tukija kwenye sheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya enzi za mkoloni ya 1950, inazungumzia mahali pa kazi, si maghorofa ya viwanda peke yake. Wakala wake, OSHA, upo tangu 2001. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao, uliotokana na sheria ya 2008, ulianza kazi 2015. Mwenye mashine anayemlipa kijana kuiendesha ni mwajiri, hata kama kibanda ni cha mabati. Fidia ni haki, na idaiwe. Lakini hakuna fidia inayoshika jembe.

Gharama yenyewe ni ya kufuli dogo la dukani. Kama mkono wa swichi hauna tundu, fundi umeme atafunga kiboksi chenye mlango unaofungika. Kitu kingine chochote ambacho mtu atakuambia ununue kwanza, kisikucheleweshe.

"Mashine ile inataka damu"

UONGO, na nalisema kwa upole, kwa sababu nimelisikia msibani, na waliolisema walikuwa na uchungu. Kijana anaumia kwenye mashine, miaka miwili baadaye mwingine anaumia kwenye mashine ileile, na watu wanatafuta maana. Wanasema imelogwa, imenunuliwa kwa masharti, inadai kila baada ya muda.

Nenda uiangalie. Mara nyingi utakuta meni swichi iko nyuma ya ukuta, mwendeshaji haioni. Utakuta mkanda hauna kinga. Utakuta chekeche linaziba kila wiki kwa kuwa limechakaa, kwa hiyo mikono inaingia kila wiki. Mashine imeumiza mara ya pili kwa sababu kilichoumiza mara ya kwanza hakikuondolewa. Tukimsingizia mchawi, swichi inabaki palepale, na mtoto wa mtu mwingine anaajiriwa Jumatatu. Anayetaka kuomba kabla ya kazi aombe, nami nitaitikia amina. Kisha afunge.

"Kufunga kunapoteza muda, watu wanangoja"

UONGO. Kushusha swichi, kuweka kufuli, kubonyeza kitufe kuhakikisha: kwa aliyezoea, haifiki dakika mbili. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani inakadiria kwamba mfanyakazi aliyeumizwa na mashine kwa nguvu ambayo haikudhibitiwa hupoteza kwa wastani siku 24 za kazi akiuguza jeraha, na kwamba kuifuata kanuni ya kufunga mitambo, ambayo mamlaka hiyo iliitoa mwaka 1989, kunaepusha vifo 120 na majeruhi 50,000 kwa mwaka. Weka siku 24 upande mmoja, dakika mbili upande wa pili.

Msimu uliopita nilikuwa kwenye foleni mashine ikakaba. Kijana alishusha swichi, akavua kufuli lililokuwa limening'inia shingoni kwa uzi, akafunga, akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akafungua. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye ndoo ya muhogo na haraka ya kuwahi jua, alianza kulalamika, halafu akasita, akauliza, "Waitu mwanangu, ufunguo uko wapi?"

Kijana hakugeuka. Alijipigapiga mfuko wa shati mara mbili, ufunguo ukalia, akaendelea kuchokonoa. Alichokitoa kilikuwa nati moja yenye kutu, ndogo kama buni ya kahawa. Aliiweka kwenye kiganja cha yule mama, akarudishia chekeche, akachungulia nyuma ya mashine, na kabla ya kufungua kufuli akaanza kutuhesabu.